Unga wa mikoriza na trikoderma: msimu mzima Dodoma, nilipopigwa na nilipopata

Naanza na maksi ili mwenye haraka asisumbuke. Mikoriza, yaani kuvu wa udongoni anayeishi kwenye mizizi na kuisaidia, kwenye vitunguu naipa nne na nusu kati ya tano. Kwenye mchicha sifuri, ila hapo kosa sio la unga, nitaeleza. Trikoderma, kuvu mwingine wa kupambana na kuvu wabaya wa udongoni, tatu. Duka la kwanza nililonunulia sifuri na ningeweza kushuka chini ya sifuri ningeshuka, duka la pili tano.

Mi nalima nje kidogo ya Dodoma mjini, ekari moja na robo, nina kisima changu na maji yake yana chumvi, yaani ukimwagilia siku tatu mfululizo unaona ukoko mweupe juu ya tuta. Mvua ya huku wote mnaijua, ikija vizuri ni milimita 550 mpaka 600 hivi kwa mwaka mzima, inaanza Desemba, ikifika Aprili imekata, baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi mpaka utamani kuhama. Kiangazi nalima vitunguu kwa kumwagilia, nyanya kidogo, mchicha wa kuuzia majirani, na pembeni nina choya, mshubiri ambao nawauzia kina mama wanaotengeneza sabuni, na mrehani. Kwaiyo mtu akiniambia kuna kitu kinaufanya mmea uvumilie kiu na chumvi lazima nisimame nisikilize, hata kama moyoni najua naenda kupigwa.

Na nikapigwa kweli. Mwaka jana nikaingia duka moja la pembejeo, kijana wa pale akanitolea pakiti ya mikoriza ya gramu 100, elfu 18, akaniambia "mama hii ni kiboko, weka kwenye mboga yoyote, hata usipomwagilia wiki nzima haikauki." Pakiti ameitoa kwenye kabati la kioo la mbele, lile linalotazama jua la jioni, juu bati halina hata dari, nikiishika ni ya moto kama chapati imetoka jikoni saa hiyo hiyo. Sikujua kama hiyo ni shida. Mbolea ya chumvichumvi hata ukiiacha juani ni mbolea tu, nikadhani na hii ndo hivohivo. Nikaenda nayo nyumbani, saa saba mchana nikamwaga juu ya matuta ya mchicha kama mtu anayemwaga chumvi kwenye mihogo ya kuchoma, nikamwagilia, nikasubiri.

Wiki mbili, hamna kitu. Wiki tatu, hamna. Jirani yangu ambaye hajaweka chochote zaidi ya samadi ya mbuzi mchicha wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na akawa anapita kwenye uzio makusudi kuniuliza "vipi mama, wadudu wako wameamka?"

Baadae nikamuuliza bwana shamba wetu, akacheka mpaka nikakasirika. Kumbe makosa yalikuwa matatu kwa mpigo. La kwanza, mle ndani kuna viumbe hai, joto la kabatini huenda lilishawaua kabla sijatoa hela. La pili, kuvu huyu inabidi aguse mzizi, ukimwaga juu ya udongo mkavu saa saba umelisha jua. La tatu ndo lililoniuma zaidi: mchicha hauna urafiki na mikoriza kabisa! Mchicha, spinachi, kabichi, sukuma wiki, chainizi, haya mazao ni katika ile mimea michache ambayo kuvu huyu akigonga hodi hafunguliwi. Sehemu kubwa ya mimea ya nchi kavu inaishi naye, na undugu wenyewe una zaidi ya miaka milioni 400, lakini hizo mboga za majani tunazolima kila nyumba zenyewe hazimtaki. Na ndizo muuzaji alizonitajia. Kwaiyo hata pakiti ingekuwa mbichi imetoka kiwandani jana, hela yangu ilikuwa imeshaenda.

Hapo ningeachana nayo, ila bwana shamba akasema neno moja likanibaki, "mama, jaribu kwenye kitunguu." Kitunguu kina mizizi michache, mifupi, haina vinywele vya kutosha vya kunyonyea, ukiking'oa unaona kama ndevu za mzee tu. Zao la namna hiyo ndo linamhitaji kuvu kuliko mengine, maana anajishikiza ndani ya mzizi halafu anatoa nyuzi zake kwenda mbali, nyembamba kuliko kinywele cha mzizi, zinapenya kwenye vitundu vya udongo ambavyo mzizi hauwezi kuingia, zinaleta maji na hasa fosforasi. Fosforasi haitembei kwenye udongo, inakaa palepale ilipo, ni mmea unaotakiwa kuifuata. Mmea nao unalipa kwa sukari unayotengeneza kwenye majani. Yaani ni kama kumtuma bodaboda sokoni, unampa nauli anakuletea mzigo. (Jina mikoriza lilitolewa na Mjerumani Albert Bernhard Frank mwaka 1885, alikuwa ameagizwa kutafuta namna ya kulima uyoga wa bei mbaya wanaoula matajiri wa Ulaya, uyoga hakuufanikisha, akakuta hii.)

Sasa duka la pili. Lipo mtaa wa ndani, dogo, ukipita na gari hulioni. Nilivoingia tu yule dada akaniuliza "unapanda nini?" kabla hajataja bei. Hiyo pekee ingetosha nimpe nyota. Pakiti zake za mikoriza ziko chumba cha nyuma chenye kivuli, kwenye boksi chini sakafuni, na zile za bakteria ziko kwenye friji ndogo ambayo humo humo ana soda zake. Akanionesha tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha bila kuombwa, akanionesha na namba ya usajili. Kwa wasiojua, mbolea ikiwemo hii ya viumbe hai inasajiliwa na TFRA, mamlaka ya mbolea, na ile inayouzwa kama dawa ya magonjwa, mfano trikoderma, ni ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Pakiti yangu ya kwanza nilivoitafuta tena kwenye takataka haikuwa na namba yoyote wala tarehe, ilikuwa na picha ya nyanya kubwa na maneno mengi ya kigeni.

Na sio kwamba hili ni tatizo la duka moja la Dodoma. Kuna watafiti walishawahi kuchukua bidhaa 65 za aina hii zinazouzwa madukani wakazipima maabara, asilimia 40 hawakukuta kabisa kile kilichoandikwa kwenye lebo, walikuta vijidudu vingine tu vilivyojiingilia. Asilimia 40! Mtu ananiambia hii teknolojia haifanyi kazi, mi namuuliza kwanza una uhakika uliitumia?

Nikanunua mikoriza gramu 100 kwa elfu 22, ghali kuliko ya kwanza. Nikataka na rizobia, wale bakteria wa mizizi ya jamii ya kunde, kwa ajili ya kunde, yule dada akakataa kuniuzia. Nasema tena, mwenye duka amekataa hela. Akasema "kwa kunde na karanga za huku wenyeji wapo tayari kwenye udongo, nenda kang'oe mche mmoja uangalie." Nikang'oa. Mizizi imejaa vinundu, nikapasua kimoja kwa kucha, ndani kimekuwa chekundu kama nyama mbichi. Huo wekundu ndo unaotaka, maana yake bakteria wako kazini wanavuta naitrojeni hewani, ukikuta cheupe au cha kijani hao wamelala au wamezeeka. Anayehitaji rizobia za pakiti ni mtu wa soya, hasa shamba ambalo halijawahi kulimwa soya, maana bakteria wake wengi wetu hatuna kwenye udongo. Wakenya wana Biofix iliyotokana na Chuo Kikuu cha Nairobi, inakuja na gundi yake ya kunatisha unga kwenye mbegu, hiyo gundi ni ya mti wa jamii ya migunga hii hii tunayokata kuni. Mi soya silimi, kwaiyo hapo sina maksi za kutoa.

Vitunguu nikafanya hivi. Kitalu mwezi wa tano, nusu nikachanganya unga kwenye udongo wa kitalu kabla ya kusia mbegu, nusu nikaacha hivihivi. Kitaluni ndo pa kuwekea, unga kidogo unafikia miche maelfu, ukisubiri shambani utahitaji kijiko kila shimo na utafilisika. Wakati wa kuhamishia nikapanga matuta sita, moja lenye kuvu moja halina, kwa kupishana, ili nisije nikajidanganya kwa sababu ya upande wenye rutuba. Samadi iliyooza nikaweka sawa kote. DAP, ile mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, yule dada alinikataza kuimwaga, nikaweka robo tu ya ile ninayowekaga siku zote, kwa sababu mmea ukikuta fosforasi imejaa mlangoni haumlipi tena bodaboda, unamfungia kuvu nje. Hii point watu wengi hawaambiwi! Wanaweka unga wa elfu 22 halafu wanamwaga mfuko wa DAP juu yake, wanasema wameibiwa.

Mwezi mmoja wa mwanzo shambani hamna tofauti ya kuonekana, nisiwadanganye. Nikiangalia naona vyote sawa, baba watoto akawa anauliza kwa upole kwamba ile elfu 22 iliingia wapi.

Alafu pampu ikaungua. Mwezi wa saba, upepo ule wa baridi na vumbi, vitunguu vina kama wiki tano shambani, mota ikatoa moshi ikazima. Fundi akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Siku kumi na moja jamani, siku kumi na moja nimebeba maji kwa ndoo ya kunywesha mbuzi tu, vitunguu nikavikabidhi kwa Mungu. Siku ya sita matuta yasiyo na kuvu ncha za majani zimeshakuwa za kahawia na zimelala, asubuhi hazinyanyuki. Yale yenye kuvu mchana yanalala nayo lakini ukienda saa kumi na mbili asubuhi yamesimama. Nilimuita jirani wa mbuzi aje aone kwa macho yake, hakuwa na utani siku hiyo, akauliza bei.

Mwisho wa msimu matuta matatu yenye kuvu yalinipa debe 14, matatu yasiyo na kuvu debe 9 na nusu. Saizi pia, kwenye yasiyo na kuvu vingi vilikuwa vile vidogo vya kuuza kwa mafungu. Ila niwe mkweli, tuta moja kati ya yale yasiyo na kuvu liko karibu na mfereji na lilizaa vizuri kuliko wenzake, na hili ni shamba la mama mmoja msimu mmoja, sio maabara. Pengine bila pampu kuungua tofauti ingekuwa ndogo sana na mi ningeandika hapa kwamba ni upuuzi. Kwa nilivoona, hiki kitu unakijua thamani yake siku mbaya, siku nzuri huoni chochote.

Kwenye lebo ya hii pakiti ya pili waliandika kuna na bakteria wa jamii ya Bacillus pamoja na kuvu. Hao ni wavumilivu, wanajifunga kwenye ganda gumu wakikosa maji, ndo maana wanakaa kwenye pakiti muda mrefu. Nilivokuwa nasoma soma nikakutana na kitu kimenifurahisha, kwamba mmea ukipata shida, iwe kiu, chumvi au maji kutuama, unatoa gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi ukizivundika. Ikizidi mizizi inaacha kukua na majani yanazeeka kabla ya wakati, mmea unajiivisha wenyewe kwa hofu. Sasa kuna bakteria wa mizizini wana kimeng'enya kinachokula ile malighafi ya kutengenezea hiyo gesi, kwaiyo mmea unakuwa na shida ileile lakini haupaniki. Bernard Glick na wenzake wa Kanada ndo waliolieleza hili vizuri mwaka 1998. Kama hao wangu wanacho hicho kimeng'enya au hawana, lebo haikusema, na siwezi kuapa.

Kwa upande wa chumvi, kinachosemwa ni kwamba kuvu anausaidia mmea kuchukua potasiamu zaidi na kuzuia sodiamu isipande kwa wingi kwenye majani. Haigeuzi maji ya kisima kuwa matamu. Ukoko mweupe kwenye matuta yangu bado upo na bado nalazimika kuusukuma chini kwa maji mengi mara moja moja, msije mkaacha hiyo kazi kwa sababu mna pakiti.

Sasa mimea ya dawa, maana najua wapo watakaouliza. Mshubiri niliweka kijiko kimoja cha chai kwenye kila shimo la machipukizi mapya, na mpaka saivi, miezi saba, majani yamenenepa na yanajaa utomvu hata huu ukame. Ila nilifanya ujinga, niliweka kwenye yote, sikuacha hata mstari mmoja wa kulinganishia, kwaiyo siwezi kuwapa maksi. Choya hamna tofauti yoyote, nilipanda na mvua, mvua ikawa nzuri, udongo una samadi, choya haikuwa na shida ya kusaidiwa. Mrehani nitajaribu msimu ujao, na huo ndo naungoja zaidi, sababu Wahindi wa taasisi yao ya mimea ya dawa kule Lucknow, CIMAP, walishawahi kuupima mrehani wao wa kihindi uliofurikwa na maji, waliokuwa na wale bakteria wa kupunguza ethilini ukavumilia vizuri zaidi.

Jambo moja watu wa dawa za asili tulifikirie. Kuna majaribio ya India kwenye artemisia, yenye mikoriza ilikutwa na artemisinini, ile inayotengenezewa dawa ya malaria, nyingi zaidi kwenye majani. Kwa kiwanda hiyo ni habari njema. Kwa sisi tunaopima majani kwa kiganja na kuchemsha, ina maana kiganja cha shamba hili na kiganja cha shamba lile sio kitu kimoja. Na artemisia ya kuchemsha kwa malaria WHO wenyewe hawaiungi mkono, nendeni hospitali.

Trikoderma sasa, nayo ni kuvu lakini kazi yake nyingine, huyu ni askari, anawashambulia kuvu wabaya wa kwenye udongo wanaoozesha mizizi. Kopo elfu 15 duka lile lile la pili. Niliwekea nyanya sababu ya mnyauko. Tatu nimempa kwa sababu mbili na zote ni zangu. Kwanza, nyanya zangu nyingi zilikuwa na mnyauko wa bakteria sio wa kuvu, na huo trikoderma hauwezi kwa kiasi cha maana. Kuzitofautisha ni rahisi, kata shina la nyanya iliyonyauka, tumbukiza kwenye glasi ya maji safi, usitikise, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka basi ni bakteria, usipoteze hela, ng'oa mche uchome. Nilijua hili baada ya kununua. Pili, shemeji yangu kwa nia njema kabisa alipita akamwagia kabendazimu kwenye mizizi siku nne baada ya mimi kuweka trikoderma. Dawa ya kuua kuvu, juu ya kuvu niliyemnunua. Sikumwambia kitu, nilimpikia chai. Nyanya zilizobaki kwenye kona ambayo hakuifikia zilikaa vizuri na mizizi ilikuwa mieupe mizuri. Shangazi yangu wa milimani Same anachovya mbegu za tangawizi kwenye trikoderma kabla ya kupanda na anasema kuoza kumepungua, huko India hiyo ni kawaida ya siku nyingi kwenye tangawizi.

Malalamiko yangu kwa hawa watengenezaji: maelezo ya Kiswahili hayapo au yapo mistari miwili ya kutafsiriwa na mashine, kijiko cha kupimia hakimo ndani, na hakuna aliyeandika kwa herufi kubwa kwamba usiweke kwenye mchicha na kabichi. Mngeandika hilo mngepunguza matusi mnayotukanwa.

Na kuna kijana anazunguka na madumu anauza "mikoriza ya maji", anasema chukua lita moja changanya na molasesi na maji utapata lita mia nyumbani kwako. Muogopeni. Kuvu huyu wa vitunguu hazaliani bila mzizi ulio hai, hata viwandani wanampandia mimea ndo wanamvuna. Molasesi itakuza bakteria na hamira, nzuri au mbaya Mungu anajua, ila mikoriza hapana. Ukitaka kuongeza mwenyewe panda mtama kwenye ndoo za mchanga uliochanganya na kijiko cha unga wako, usiweke DAP, uache miezi mitatu minne, kisha kata maji mtama ukauke, chukua ule mchanga na mizizi yake iliyokatwakatwa, ndo mbegu yako. Nimeanza na ndoo nne, moja kuku wameshaifukua.

Ukienda lile duka la pili nenda asubuhi, mzigo wao unashuka Alhamisi, mchana foleni ya watu wa sumu za alizeti. Beba kikapu na kitambaa kibichi cha kufunikia pakiti, na ukiwa kwenye daladala usiiweke kwenye dashibodi.